Robanda Kabla ya Watalii: Mboga Iliyopita Njaa, Ukoloni na Tembo

Ukitaja Robanda mjini, wengi wanawaza nyumbu, magari ya watalii na geti la Ikoma. Ni kweli, kijiji kipo mlangoni kabisa mwa Serengeti. Lakini wadau, huko kulikuwa na mashamba kabla hata neno "hifadhi" halijasikika.

Waikoma walikuwa wawindaji, ndiyo, ila pia wakulima wa ulezi na mtama. Na ugali haushuki mkavu. Ulisindikizwa na majani ya kunde, mlenda na mgagani, ule ule ambao Wakisii wa Kenya wanauita chinsaga. Mchungu kweli, ndiyo maana wengi huuchanganya na maziwa.

Sasa cheki mboga hizi zilichopitia. Miaka ya 1890 sotoka ilifyeka ng'ombe Afrika Mashariki nzima, njaa ikafuata. Mjerumani akaja akajenga ngome pale Ikoma. Mwingereza naye akasisitiza mihogo iwe kinga ya njaa. Mwaka 1951 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na baadaye kulima ndani ikawa marufuku. Miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa na kukusanywa pamoja.

Mgagani ulipita kote huko. Siri? Haukuwa zao la serikali. Mbegu zake zilikaa kwa akina bibi, kwenye kibuyu chenye majivu ili wadudu wasiguse. Ukihama, unahama nazo. Hata leo, tembo akimaliza shamba la mahindi usiku mmoja, jikoni bado kuna majani yaliyoota nyuma ya nyumba.

Kinachoutishia sasa ni aibu. Kijana akienda mjini, mgagani unakuwa "mboga ya kimaskini", wakati una chuma na vitamini A kibao. Kule Kyoto, Japani, mboga za zamani zinauzwa kwa fahari, tena si bei chee.

Kweli, kituo cha utafiti wa mboga kule Arusha kinahifadhi mbegu za mboga za asili za Afrika. Safi sana. Lakini ghala haliwezi kuhifadhi mkono wa bibi anayejua lini avune mbegu na uchungu unatolewaje.

Ukienda kijijini likizo hii, kabla ya selfi, mpe bibi shikamoo, kisha muombe kiganja kimoja cha mbegu. Akiondoka na kibuyu chake, imeisha hiyo.