Hesabu ya Ugonjwa na Hesabu ya Mtoto: Kasongo hadi Salamabila

Enzi ya Kongo ya Wabelgiji, malale yalikuwa na timu zake maalumu. Wauguzi walizunguka kijiji kwa kijiji, wakapapasa shingo kutafuta tezi zilizovimba, wakapima damu na kuandika majina katika rejista ya ugonjwa huo peke yake. Ukoma ulikuwa na orodha yake. Homa, kuhara na vidonda viliandikwa katika daftari la zahanati. Mgonjwa yuleyule aliweza kuhesabiwa mara mbili au tatu, kila mahali kama mtu mwingine.

Jitihada kubwa ya kuunganisha huduma hizo kusini mwa mkoa wa Maniema ilianza mjini Kasongo mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya mkutano wa Alma-Ata wa 1978 juu ya huduma ya msingi ya afya. Mradi wa Kasongo, uliohusishwa na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, ulikifanya kituo cha afya kuwa mlango wa kwanza: huduma za kitaalamu ziingie humo, hospitali ipokee yaliyomshinda muuguzi.

Surua ndiyo iliyoonyesha uzito wa jambo hilo. Mwaka 1981 timu ya mradi ilichapisha katika jarida la The Lancet utafiti juu ya watoto wa miezi 7 hadi 35. Kwa orodha ya surua pekee, chanjo ilifaulu. Timu ikahesabu pia vifo vya sababu zote, ikaona faida ya chanjo ikipungua watoto walipokua, ikadhani kwamba baadhi ya waliookoka surua walikufa kwa maradhi mengine. Dhana hiyo ilipingwa, hasa na mtafiti Peter Aaby kwa ushahidi wa Guinea-Bissau: waliochanjwa waliishi zaidi kuliko ilivyotarajiwa kwa kuzuia surua tu. Hata hivyo swali la Kasongo lilikuwa sahihi. Bila kukutanisha hesabu ya ugonjwa na hesabu ya mtoto, pande hizo mbili zisingekuwa na la kujadili.

Katika miaka ya 1980 Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, iligawanywa katika zoni za afya 306, mpango uliofanana sana na ule wa Kasongo. Maniema sasa ina zoni 18. Salamabila, mji jirani na mgodi wa dhahabu wa Namoya, una zoni yake, ambayo hati nyingi huiandika Saramabila. Kompyuta huona hapo mahali pawili, hadi mtu anayepajua ayalinganishe majina. Wanaopanga orodha za afya Kinshasa wawaulize kwanza wauguzi wa huko.