Gango na Uchungu wa Mtoto

Neno mganga latokana na kuganga, yaani kuunga kilichovunjika. Na gango ni kijiti kifungwacho penye mfupa. Twalikumbuka tukimtaja Adrian Atiman, aliyefika Karema, katika Mkoa wa Katavi wa leo, mwaka 1889. Alizaliwa upande wa Timbuktu, akauzwa utumwani angali mtoto, akakombolewa, akasomea utabibu Malta. Akawauguza watu wa Karema miaka mingi, hata kufa kwake mwaka 1956.

Aspirini ilianza kuuzwa mwaka 1899, miaka kumi baada ya yeye kufika. Kabla yake, kilichosaidia kumtuliza mtoto aliyevunjika mkono ni gango lenyewe, kwa kuwa mfupa usiotikisika hauumi sana. Lakini gango likikazwa mno huzuia damu. Vidole vikiwa baridi au vikifa ganzi, na kilio kikizidi, lilegezwe mara moja, mtoto apelekwe kwa tabibu. Wazee wengi (nasi tumo) hudhani ni deko tu. Na mkono waweza kupotea kwa dhana hiyo. Siku hizi mtoto hupewa nyumbani parasetamoli kwa kadiri ya uzito wake. Aspirini haipewi tena watoto, ila tabibu akiagiza.