Kocha wa Durham na Bruda wa Iten

Futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na mpira wenye umbo la yai, haijawahi kupata kiwanja hapa kwetu Muthara, Meru. Katika shule za Tigania, na hata ukiteremka mpaka Embu, muhula wa kwanza ni wa riadha, magongo na mpira wa vikapu. Wa pili ni wa soka, voliboli na netiboli. Anayeitwa kocha kwa kawaida ni mwalimu wa hesabu au wa dini aliyekabidhiwa filimbi. Anamaliza kipindi cha mwisho, anavaa raba, anaingia uwanjani. Akibahatika, vijana wake hushinda kaunti na kwenda kupambana na Machakos na Kitui kwenye michezo ya kanda ya Mashariki.

Hata hivyo, mmoja wa makocha walioacha alama katika riadha ya Kenya alianzia kwenye mpira huo wa umbo la yai. LeRoy Walker alizaliwa Atlanta mwaka 1918, kitinda mimba katika familia ya watoto 13, mjukuu wa watu waliowahi kuwa watumwa. Alisoma Benedict College, South Carolina, akang'ara huko katika futiboli, kisha akarudi chuoni hapo hapo kufundisha futiboli, mpira wa vikapu na riadha. Enzi hizo vyuo vikuu vya Wazungu katika majimbo ya Kusini vilikuwa vimemfungia mtu mweusi milango, kwa hiyo kocha kama yeye alipanda ngazi ndani ya vyuo vya watu weusi tu. Mwaka 1945 alihamia Durham, kwenye chuo ambacho leo kinaitwa North Carolina Central University, na hapo ndipo riadha ilipomnyakua. Mwanafunzi wake Lee Calhoun alishinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 110 kuruka viunzi mwaka 1956, akairudia 1960. Katikati ya hayo, mwaka 1957, Walker alipata shahada ya uzamifu kutoka New York University.

Wakenya wawili, Robert Ouko na Julius Sang, walifika Durham kunolewa na Walker mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ouko alikuwa tayari bingwa wa Jumuiya ya Madola wa mita 800. Katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, Sang alipata shaba katika mita 400. Zikaja mbio za kupokezana vijiti, mita 400 mara nne: Charles Asati, Hezekiah Nyamau, Ouko, na Sang wa mwisho. Wamarekani hawakuwa na timu siku hiyo, maana wawili wao walikuwa wamepigwa marufuku na mwingine alikuwa ameumia. Wako wanaolitaja hilo ili kuipunguzia dhahabu yetu uzito. Mimi nawakumbusha kwamba Kenya ilikuwa imechukua fedha katika mbio hizo hizo Mexico mwaka 1968, wakati huo Nyamau na Asati wakiwa na Naftali Bon na Daniel Rudisha. Timu haikuokotwa njiani.

Walker alizidi kupanda. Mwaka 1976 aliongoza timu ya Marekani ya riadha ya wanaume, mtu mweusi wa kwanza kupewa kazi hiyo. Baadaye akawa mkuu wa chuo chake, na toka 1992 hadi 1996 rais wa kamati ya Olimpiki ya nchi yake. Marekani ukocha ni ajira kamili, yenye ngazi na mishahara yake.

Mwaka huo huo wa 1976, mtawa wa Ireland aitwaye Bruda Colm O'Connell alishuka Iten, katika Bonde la Ufa, kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's. Alitarajia kukaa miezi mitatu. Riadha hakuijua. Aliyekuwa akiifundisha shuleni hapo ni Peter Foster, nduguye Brendan Foster, Mwingereza aliyepata shaba ya mita 10,000 katika Olimpiki ya Montreal mwaka huo. Tena tusidanganyane kwamba Bruda alikuta jangwa, kwa maana Mike Boit, mshindi wa shaba ya mita 800 Munich, alikuwa ameshapita shule hiyo. Bruda alijifunza kwa kuwatazama wanafunzi wake wakikimbia. Foster akaondoka, yeye akabaki.

Mmoja wa vijana wake, Peter Rono, alitoka Iten akaenda Mount St. Mary's, chuo kidogo huko Maryland, na mwaka 1988 akashinda dhahabu ya mita 1,500 Seoul akiwa na miaka 21. Mwaka uliofuata Bruda alianzisha kambi ya likizo. Hapa ndipo naona ubunifu wake mkubwa. Likizo, ambayo kwa mwalimu mwingine ni wakati wa kwenda shambani, aliifanya msimu wa mazoezi, na watoto wa shule nyingine, wasichana kwa wavulana, wakapata nafasi. Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 2007, alinolewa naye. David, mwanawe Daniel Rudisha yule wa Mexico, alipita kambini pia. Mwaka 2010 David aliivunja rekodi ya dunia ya mita 800 iliyowekwa mwaka 1997 na Wilson Kipketer, naye mwanafunzi wa St Patrick's. London 2012 akaishusha hadi 1:40.91, akiwa mbele tangu mlio wa bastola.

Wenzangu wa Meru husema mbio ni za Bonde la Ufa, ni mwinuko na maziwa. Sikatai mwinuko. Lakini hapa kwetu mwalimu wa michezo huandikiwa barua ya uhamisho wakati timu yake ndiyo inaanza kuiva. Mwaka 2018, Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ilipoanza kuwapeleka walimu nje ya kaunti zao, barua hizo zilizidi. Mwalimu huondoka na filimbi yake, na mrithi wake huanza upya na kidato cha kwanza.