Msafiri wa Peke Yake na Miji ya Pwani

Msafiri wa peke yake siku hizi huambiwa ajitunze: anywe maji ya kutosha, alale mapema, agawe fedha zake mahali pawili, asimwamini kila anayemchekea. Ushauri huo ni mzuri, ila unamwachia yeye kazi yote. Historia ya miji ya pwani yetu, kutoka Mogadishu hadi Kilwa, inaonyesha kwamba kwa karne nyingi kazi hiyo iligawanywa. Msafiri alikuwa na wajibu wake na mji nao ulikuwa na wake: maji ya kunawa, mahali pa kulala, chakula cha siku za mwanzo, na mtu wa kumdhamini mbele ya wenyeji. Tumezoea kuyaita hayo ukarimu wa Waswahili, tukajisifu na kuyaacha hapo. Mimi naona ulikuwa mpango hasa, uliojengwa na upepo, biashara na dini, na mpango huo ulipolegea ndipo kujitunza kulipogeuka kuwa shughuli ya mtu na mkoba wake.

Shahidi wa kuaminika ni msafiri Ibn Battuta, kwa sababu alianza vibaya. Alitoka Tangier mwaka 1325 akiwa na umri wa miaka 21, bila mwenzi wala msafara, akielekea Makka kuhiji. Alipofika Bijaya, katika nchi ambayo leo ni Algeria, homa ikamshika. Mwenzake aliyempata njiani alimshauri apumzike hadi apone, akakataa. Akapewa ushauri wa pili: auze mnyama wake na mizigo mizito, aazimwe mnyama mwingine na hema, asafiri mwepesi. Huo aliukubali, lakini homa haikumwachia, na kwa udhaifu ikambidi ajifunge kwenye tandiko kwa kilemba chake asije akaanguka. Msafara aliojiunga nao ulipofika Tunis, wenyeji walitoka kuwalaki jamaa zao, salamu zikasikika kila upande, na yeye hakusalimiwa na mtu. Alilia, mpaka haji mmoja alipotambua kinachomliza, akamwendea, akamsalimu, akawa anazungumza naye hadi wakaingia mjini. Homa aliistahimili siku zote hizo. Kukosa wa kumpokea ndiko kulikomshinda.

Mwaka 1331 mtu huyohuyo aliteremka pwani ya Afrika Mashariki akiwa amekwisha kujifunza kujichunga. Mji wa Zeila ulimchukiza kwa uvundo wa samaki na damu ya ngamia waliochinjwa vichochoroni, akaona heri alale chomboni ingawa bahari ilikuwa imechafuka. Baada ya siku 15 za kusafiri baharini akafika Mogadishu, na hapo mji wenyewe ukaishika kazi ya kumtunza. Vijana walivifuata vyombo vilivyokuwa vikiingia kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akimkabidhi mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wake. Ibn Battuta, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alipokewa na kadhi. Kutoka kwa sultani ililetwa sahani ya tambuu na popoo, akamiminiwa marashi ya Dameski, akapangiwa nyumba ya wanafunzi. Kisha kikaja chakula: wali uliopikwa kwa samli, juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, achari ya ndimu, tangawizi mbichi na embe. Aliandaliwa mara tatu kwa siku, kwa siku tatu. Ijumaa akaletewa nguo ya hariri ya kujifunga kiunoni, kanzu ya kitani cha Misri, joho na kilemba. Mtu aliyechoshwa na bahari anahitaji kushiba, kunukia, kulala na kubadili nguo, na yote manne yalikuwa yamekwisha kufikiriwa kabla hajafika.

Mombasa alikaa usiku mmoja tu, na sehemu kubwa ya alichoeleza inahusu maji ya miguu. Watu walitembea peku. Milangoni mwa misikiti palikuwa na visima vya kina cha dhiraa moja au mbili, maji yakitekwa kwa chombo cha mti kilichotiwa mpini mwembamba wa urefu wa dhiraa moja. Uwanja uliozunguka kisima na msikiti ulikuwa umesawazishwa. Anayeingia alinawa miguu, kisha akajifuta kwenye kipande cha mkeka mnene kilichowekwa mlangoni. Safari hiyo aliisimulia huko Fez, ikaandikwa na mwandishi Ibn Juzayy, kazi iliyokamilika mwaka 1355. Wapo watakaosema kwamba masimulizi ya miaka 24 baadaye hayategemeki, na kuhusu baadhi ya nchi alizozitaja shaka hiyo ina msingi. Lakini angalia ni nini kilichobaki kichwani: achari, marashi, mpini wa kata, mkeka. Mtu akitunga hupendelea majumba ya dhahabu. Mambo madogo ya namna hii hukumbukwa na mwili ulioyapata.

Sababu ya kwanza ya mpango huu ni upepo. Vyombo vya Arabuni, Uajemi na Bara Hindi viliteremka na kaskazi kuanzia mwezi wa Desemba hivi, vikarudi na kusi baada ya Aprili. Katikati palikuwa na wiki, pengine miezi, ambapo mgeni hana pa kwenda hata akitaka. Mji unaopokea wageni wa namna hiyo kila mwaka hauwezi kutegemea huruma ya siku hiyo. Lazima uwe na nafasi iliyotengwa. Ndiyo maana nafasi hiyo ikaingia katika ujenzi. Nyumba za mawe za Lamu zina daka lenye viti vya mawe kabla ya mlango, na ndani kuna sabule, chumba cha wageni kilichowekwa upande wa mbele ili mgeni akae bila kupita kwa wenye nyumba. Msikiti mkuu wa Gede, ambao magofu yake mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948, una kisima na birika lake. Katika mabirika ya misikiti ya pwani waliwekwa samaki wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini yakatiwa mabakuli ya kaure ya Kichina ili maji yakitolewa kwa ajili ya usafi samaki wabaki na pa kujificha. Aliyebuni hilo alijua kwamba birika litatumiwa na watu wengi asiowajua.

Dini nayo iliutia mpango huu nguvu ya sheria. Msafiri aliruhusiwa kufupisha sala na kula mchana wa Ramadhani akalipa baadaye, na mpita njia aliyekwama ni mmoja wa wale wanane wanaostahiki zaka, hata kama kwao ni tajiri. Bara, ambako misikiti ilikuwa michache, mambo yalitengenezwa kwa njia nyingine. Wapagazi wa Kinyamwezi walioteremka pwani na pembe za ndovu walikuwa na watani katika makabila ya njiani. Utani huo ulimpa mtu ruhusa ya kuchukua chakula cha mwenziwe huku akimtukana, na ukampa mtani wajibu wa kushika maiti na kuongoza mazishi. Kwa mtu aliye mbali na ukoo wake, kujua kwamba akifia njiani yupo wa kumzika kulikuwa utulivu wa moyo ambao hakuna dawa mkobani ingeweza kuuleta.

Hata hivyo mpango huu ulikuwa na bei, na anayeusifu bila kuitaja anadanganya. Kijana wa Mogadishu aliyemkaribisha mfanyabiashara ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Biashara iliyofanywa bila mwenyeji kuwapo ilihesabiwa kuwa batili. Ibn Battuta mwenyewe alipotaka kwenda kupumzika kwanza, aliambiwa kwamba mwanachuoni hapangi mahali kabla hajaonana na sultani. Kutunzwa kulikuwa pia kuchungwa. Cheo kilipima sahani, na maelfu waliopitishwa njia hizohizo wakiwa watumwa hawakuwekewa mkeka wa kufutia miguu. Methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, inatukumbusha kwamba wenyeji walijua kuhesabu. Zaidi ya yote, wanawake karibu hawaonekani katika ushahidi huu kama wasafiri wanaojitegemea, kwa kuwa mlango wa mwenyeji uliwafungukia kupitia mume, ndugu au bwana. Haya yote ni kweli, na hayaivunji hoja. Mwenyeji aliyepata faida kwa mgeni wake alikuwa na sababu ya kutaka afike salama na arudi mwaka ujao, na sababu hiyo ilidumu kuliko wema.

Kilichoulegeza mpango ni kasi. Meli za mvuke hazikungoja kusi. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, Reli ya Kati ikafika Kigoma mwaka 1914, na mwendo uliokuwa wa miezi ukawa wa siku. Mgeni wa usiku mmoja hahitaji mwenyeji, anahitaji chumba chenye ufunguo, na gesti zikazaliwa kando ya vituo vya treni na baadaye vya mabasi. Sitaki kuidharau gesti. Mwanamke anayekwenda Kigoma kwa shughuli zake analipia kitanda bila kuulizwa ni mke wa nani, na uhuru huo daka la Lamu halikuwahi kumpa. Lakini gesti iliuza kipande kimoja tu cha mpango wa zamani, nacho ni kitanda. Maji, salamu, mtu wa kukujua ukiugua usiku, vilibaki nje ya bei, na hakuna aliyevichukua.

Kwa hiyo kumwambia msafiri ajitunze ni nusu ya neno. Nusu nyingine iwaendee wenye halmashauri na wenye vituo vya mabasi, wanaotoza ushuru kwa kila gari linaloingia: wekeni bomba la maji safi yasiyouzwa, benchi lenye kivuli, choo kinachofungika kwa ndani, na mtu wa zamu ya usiku anayejua zahanati iliyo wazi iko wapi. Mombasa ya mwaka 1331 iliweza sehemu ya haya kwa kisima kifupi na kipande cha mkeka.