"Mwalimu, Eti Halloween ni Sikukuu ya Shetani?"

Najua nimepotea, lakini mambo ya kufungua chuo mnayajua wenyewe: usajili, foleni ya kusaini boom, kugombania chumba. Leo nimepata nafasi, ngoja nitue mzigo ambao nimetembea nao tangu BTP.

Ilikuwa Kidato cha Pili, kipindi cha historia, mada ya biashara ya misafara ya Sahara. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono na kuuliza swali lisilohusiana kabisa: "Mwalimu, eti Halloween ni sikukuu ya shetani?" Nikajibu palepale, "Ndiyo. Kaa chini." Darasa likacheka, nikarudi kwenye chumvi na dhahabu zangu.

Kipindi kilipoisha akanifuata nje. Akaniambia shangazi yake anaishi Marekani, na kila mwaka anatuma picha za wanawe wamevaa mavazi ya kutisha, mikononi vikapu vya peremende. "Sasa mwalimu, na wao ni wa shetani?" Jamani, nilikosa la kusema. Nilikuwa nimehukumu familia ya mtoto wa watu kwa kitu ambacho sikijui hata asili yake. Nikamwambia tutaongea siku nyingine, na siku hiyo haikufika, BTP ikaisha.

Basi wiki mbili hizi nimeshinda maktaba kulipa deni lile. Nililokuta ni hili.

Kabla ya Ukristo, Wakelti wa Ayalandi na Uskoti walikuwa na sikukuu iitwayo Samhain, usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba. Mavuno yameisha, mifugo imerudishwa kutoka malishoni, majira ya baridi yanaanza. Iliaminika kwamba usiku huo mlango kati ya walio hai na ulimwengu wa pili unakuwa wazi. Ila tuwe makini, wanahistoria wenzangu: karibu yote tunayosoma kuhusu Samhain yaliandikwa na watawa wa Kikristo, karne nyingi baadaye. Wenye sikukuu wenyewe hawakutuachia maandishi. Si ndiyo matatizo yaleyale ya kusoma historia yetu kwenye barua za wamisionari?

Kanisa nalo likaja na siku zake. Mwaka 835, enzi za Papa Gregori wa Nne, sikukuu ya Watakatifu Wote ya tarehe 1 Novemba ikaenezwa katika himaya ya Wafranki. Karibu na mwaka 1000, Abate Odilo wa Cluny kule Ufaransa akawaagiza watawa wake waombee marehemu wote tarehe 2. Na jina Halloween? Ni kifupi tu cha mkesha wa Watakatifu Wote, kwa Kiingereza cha zamani. Yaani neno lenyewe ni la kanisani! Hapo nilifunga kitabu kwanza, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Hata kupita nyumba kwa nyumba kuna asili yake. Uingereza ya zamani, maskini na watoto walipita mlangoni wakipewa vikeki, nao kwa malipo wanawaombea marehemu wa nyumba hiyo. Waayalandi walichonga nyuso kwenye tanipu, ule mzizi mnene unaofanana na figili, wakaweka mwanga ndani. Kisha ikaja njaa kuu ya 1845 hadi 1852, ugonjwa ulipoangamiza viazi. Watu karibu milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja wakakimbia nchi, wengi wao kwenda Marekani. Walibeba na desturi zao. Huko wakakuta maboga makubwa, rahisi kuchonga kuliko tanipu. Ndiyo hilo boga mnaloliona kwenye picha: desturi ya wakimbizi wa njaa iliyopata chombo kipya.

Marekani ikaibadilisha tena. Vijana walikuwa wakifanya fujo usiku huo, na mji wa Anoka, Minnesota, ukaanzisha maandamano ya sherehe mwaka 1920 ili kuwashughulisha. Kuomba peremende kukashika kasi miaka ya 1930. Taratibu watoto wakabaki na peremende, na sala kwa marehemu zikasahaulika.

Lakini si kila mahali zilisahaulika. Meksiko, tarehe 1 na 2 Novemba ni Siku ya Wafu. Watu wanapamba makaburi kwa maua ya rangi ya chungwa, nyumbani wanaweka meza yenye picha ya marehemu, mkate maalumu na chakula alichokipenda. Desturi za wenyeji wa kale zilichanganyika na za Kikatoliki. Hawamwiti mzimu aje awatishe, wanamkaribisha mwenzao mezani. Kituko ni kwamba yale maandamano makubwa ya Mexico City yalianza mwaka 2016 tu, baada ya filamu ya James Bond ya mwaka 2015 kuyabuni!

Kuna Korea Kusini pia, na hapa sicheki. Vijana wa Seoul waliichukua Halloween kama usiku wa disko na mavazi. Tarehe 29 Oktoba 2022, mtaa wa Itaewon, umati ulibanana kwenye kichochoro chembamba chenye mteremko. Watu 159 wakapoteza maisha, wengi wao wa umri wa miaka ya ishirini, umri wetu huu mimi na wewe. Wakorea wana sikukuu yao ya kukumbuka wazee, Chuseok, na kabla yake familia huenda kufyeka majani makaburini.

Kufyeka majani. Sentensi hiyo ndiyo iliyonipiga.

Kwetu Kilimanjaro baba amelala kihambani, nyuma ya nyumba, kati ya migomba, na masale pembeni. Alifariki nikiwa Kidato cha Tatu. Kila tarehe 2 Novemba tulifyeka majani, tukawasha mshumaa, tukasali. Tangu nije chuo sijawahi kuwepo hata mara moja. Juzi nilimpigia mama akanipokea anahema, "Subiri mwanangu, nina panga mkononi." Nikajua yuko wapi. Nikamwomba aniweke kwenye spika nisali naye. Tukasali, mimi nimekaa kwenye ngazi za hosteli, watu wananipita na ndoo.

Mwenzangu wa chumbani, mtu wa Unguja, alisikia. Akasema kwao wanasoma hitma, na dua kwa mzee aliyetangulia haingoji Novemba. Tukanyamaza wote kidogo.

Sasa yule kijana. Nimemwandikia barua ya kurasa mbili, nimeipitisha kwa mwalimu wake wa darasa. Nimemwambia kuna wanaoikataa Halloween kwa imani yao, na hiyo ni haki yao. Lakini mwalimu wake alijibu bila kujua, anaomba radhi. Watoto wa shangazi yake wanacheza tu mchezo ulioanza na watu waliowakumbuka wafu wao. Amwombe shangazi awafundishe na jina la babu yao.

Na wewe unayesoma, kwenu mnawakumbukaje? Niambieni. Acha nikadese, kuna testi Jumatatu. Tuonane!