Kijiti Shingoni mwa Mtoto

Wapenzi wa lugha, nina jambo la kuungama. Nilipokuwa mwalimu wa sekondari, niliwahi kumvisha mwanafunzi kibao shingoni kwa kosa la kuzungumza Kiswahili nje ya kipindi chake. Nilipostaafu, nikasoma historia ya Waselti, nikakikuta kibao kile huko.

Lugha za Kiselti zilizopo leo ni za matawi mawili. Kiirishi, Kigaeli cha Scotland na Kimanksi cha Kisiwa cha Man ni ndugu. Kiwelisi cha Wales, Kikorni cha Cornwall na Kibretoni cha kaskazini-magharibi mwa Ufaransa ni ndugu wengine.

Katika Ireland ya karne ya 19, watoto wengi walivishwa kijiti shingoni. Kila mtoto aliponena Kiirishi, kijiti kilikatwa alama, kisha akachapwa kwa hesabu ya alama hizo. Mara nyingine aliyekata ni mzazi mwenyewe, akiamini kuwa Kiingereza ndicho riziki. Njaa kuu ya 1845 hadi 1852 ikaua watu wapatao milioni moja na kuwahamisha wengine kama hao. Walioumia zaidi ni wa magharibi na kusini, ngome ya Kiirishi.

Wales nako baadhi ya shule zilikuwa na kibao chao. Lakini Wawelisi walikuwa na Biblia kamili kwa lugha yao tangu 1588, na shule za Jumapili zilizowafundisha wakubwa kwa wadogo kuisoma. Mtoto aliyeaibishwa Jumatatu aliheshimiwa Jumapili.

Tazama matokeo. Katiba ya Ireland ya 1937 inakitaja Kiirishi kuwa lugha rasmi ya kwanza. Katika sensa ya 2022, watu karibu milioni 1.9 walisema wanakijua, ila wapatao 72,000 tu ndio wanaokizungumza kila siku nje ya masomo. Wales, isiyo dola huru, ilihesabu wasemaji wapatao 538,000 mwaka 2021.

Mwanafunzi wangu yule alikuwa mtunzi. Kabla ya kibao, kila Ijumaa aliniletea daftari la mashairi nimsahihishie vina na mizani. Baada ya kibao hakulileta tena, nami sikumuuliza. Mwalimu mwenzangu, ikiwa shuleni kwako kibao hicho kingalipo, kiondoe kesho asubuhi.