Wahadzabe, usingizi na mioyo yetu ya mjini

Karatu wengi wetu tunaijua kwa mambo mawili. Ndiko watalii wanakolala kabla ya kupanda Ngorongoro, na ndiko alikozaliwa Filbert Bayi, yule aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974. Kuna la tatu. Ukishuka hadi Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, unafika kwa Wahadzabe, na hawa ndugu zetu wamewavuruga kweli wataalamu wa usingizi.

Wageni wenye madaftari hawakuanza jana kwenda kule. Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alikuwa huko miaka ya 1930, kisha Mwingereza James Woodburn akaanza utafiti wake mwishoni mwa miaka ya 1950. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ikajaribu kuwakalisha kijijini Yaeda Chini, wengi wakarudi porini. Miaka yote hiyo watu waliuliza wanakula nini na wanawindaje. Wanalalaje, hilo limekuja juzi tu.

Mwaka 2015 ulitoka utafiti uliowapima Wahadzabe pamoja na Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Usingizi wao ulikuwa wastani wa saa 5.7 hadi 7.1 kwa usiku. Hakuna umeme, hakuna simu kitandani, na bado zile saa nane tunazohubiriwa hazifiki! Mwaka 2017 David Samson na wenzake, akiwamo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakawavalisha Wahadzabe watu wazima 33 vifaa vya mkononi kwa siku 20. Dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Siku zote 20, jamani. Wazee wanawahi kulala na kuamka, vijana wanachelewa, hivyo kambi haikosi mtu macho. Porini kwenye simba, hiyo ni zamu ya ulinzi ambayo hakuna aliyeipanga.

Mwaka huohuo timu nyingine, ya David Raichlen, ilipima mapigo ya moyo yao. Wanapata karibu dakika 135 za shughuli za kutoa jasho kila siku, wakati Shirika la Afya Duniani linatubembeleza tufikishe 150 kwa wiki. Dalili za hatari ya ugonjwa wa moyo zilikuwa chache mno, hata kwa wazee wao.

Hapo kijana wa Sinza anashangilia: kumbe saa sita zinatosha! Taratibu, kaka. Zile 5.7 hadi 7.1 zimeshaondolewa vipindi vya kuamka katikati. Tangu kusinzia hadi kuamka asubuhi ilikuwa saa 6.9 hadi 8.5. Wewe unayejitupa kitandani saa saba usiku na kuamka saa kumi na moja kuwahi daladala huna hesabu hiyo.

Na moyo unajua. Ukilala vizuri, presha hushuka kwa kiasi cha asilimia 10 hadi 20, moyo unapata nafuu yake. Ukikesha, nafuu hiyo inakatwa na mwili unabaki kama umeshtushwa. Halafu Jumamosi, umetoka harusini, unaingia kwenye jogging. Mapafu na misuli bado vina uwezo karibu uleule, ila mwendo wa kila siku unauona mzito na unaacha mapema. Mbio ndefu ndizo zinazoumia zaidi. Chama cha Moyo cha Marekani kiliuingiza usingizi kwenye orodha yake ya mambo ya msingi ya afya ya moyo mwaka 2022, na mimi naona kilichelewa.

Mang'ola yenyewe nayo inabadilika. Mashamba ya vitunguu yamechukua maji na pori, na magari ya watalii hutoka Karatu kungali giza ili yawahi uwindaji wa alfajiri. Upande wa Yaeda, mwaka 2011, Wahadzabe walipata hati ya kimila ya ardhi yao, na huko bado wanatembea kutafuta asali na mizizi.